Soko, Hongo na Asasi: Jinsi Fikra ya Soko Ilivyoshika Hatamu za Sera nchini Kenya

Msafara uliotoka pwani katika karne ya 19 kwenda Tabora na Ujiji ulilipa hongo njiani. Msomaji wa leo alisikiapo neno hilo hufikiri mara moja juu ya rushwa, yaani fedha zitolewazo kwa siri ili haki ipindwe. Lakini hongo ya misafara haikuwa ya siri. Ilikuwa ni ada iliyolipwa hadharani kwa mtemi au jumbe wa nchi, kwa nguo, ushanga au waya wa shaba, na kiasi chake kiliafikiwa baada ya mashauriano ambayo mara nyingine yaliwakalisha wasafiri kambini siku kadhaa. Aliyekwisha kulipa alipata ruhusa ya kupita, ya kuteka maji na ya kununua chakula katika nchi ile. Wazungu waliopita njia hiyo waliinung'unikia hongo katika vitabu vyao, na machoni pa wengi wao ilikuwa unyang'anyi mtupu. Kisha ukaja utawala wa kikoloni. Watemi wakapokonywa mamlaka ya njia, ada ikafa, na neno likabaki likielea bila ya kitu chake, hata likaangukia mahali lilipo sasa.

Kuporomoka kwa neno hili kunafaa kuwa mlango wa kuingilia katika jambo kubwa zaidi. Biashara ya Waswahili haikuwahi kuwa ununuzi na uuzaji tu. Ilisimama juu ya ada nyingi ambazo lugha imezihifadhi kwa majina: dalali, rehani, amana, ubia, karadha, na mali kauli, yaani bidhaa zitolewazo kwa ahadi ya kulipwa baada ya kuuzwa. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja waliigharimia misafara kwa mikopo iliyokaa nje miezi mingi, pengine miaka, na kilichowawezesha kulala usingizi ni mtandao wa udugu, dini, ushahidi na sifa njema ya mtu. Hata mahali penyewe pa kuuzia palikuwa na utaratibu wake. Neno soko lilitoka katika Kiarabu, lakini lugha ina pia gulio na chete, na maneno haya mawili hayataji mahali tu bali pia siku: watu hukutana siku iliyowekwa, chini ya mkubwa anayejulikana, na mwenye kuvunja amani siku hiyo ana adhabu yake. Kwa hiyo mtu aliyesema «soko» zamani alikuwa anataja ada, watu na mahali kwa pamoja.

Soko lizungumzwalo katika nyaraka za sera ni kitu kingine kabisa. Halina mahali wala siku. Ni nguvu isiyoonekana ambayo, ikiachwa huru, huzikutanisha bei na haja za watu, na kuipeleka kila mali mahali itakapofaa zaidi. Hapana shaka kwamba fikra hii ina asili ya heshima. Adam Smith alipochapisha kitabu chake kikuu mwaka 1776 alikuwa anapigana na upendeleo uliokuwa dhahiri: makampuni yaliyopewa ukiritimba na mfalme, na vyama vya mafundi vilivyowafungia watu mlango wa kazi. Tena Smith mwenyewe alijua vyema kwamba biashara inahitaji mahakama, elimu na hofu ya aibu. Waliokuja baada yake, hasa tangu miaka ya 1870, ndio waliozikwangua ada hizo zote ili wabakie na mtu mmoja mwenye hesabu kichwani, bei mbele yake, na hapana jirani.

Upinzani dhidi ya ukwanguzi huo ulitokea Marekani. Thorstein Veblen aliuliza mwaka 1898 kwa nini elimu ya uchumi haijawa elimu ya mageuko kama zilivyo elimu za viumbe. Maana yake ni kwamba mwanadamu hatendi kwa hesabu peke yake, bali kwa mazoea aliyoyakuta yamekwisha fanyika, na mazoea hayo yana historia. Walton Hamilton aliipa njia hiyo jina mwaka 1918. John R. Commons, katika chuo kikuu cha Wisconsin, hakuridhika na kuandika. Alisaidia kutunga sheria za kuwalipa fidia wafanyakazi walioumia na za kuwasaidia waliokosa kazi, na wanafunzi wake waliingia katika serikali ya Roosevelt miaka ya 1930. Kwa miaka hiyo michache wanaasasi walikuwa karibu na meza ya serikali kuliko walivyopata kuwa baadaye. Mwaka 1947 Tjalling Koopmans aliwashambulia kwa hoja kwamba wanapima bila ya nadharia, na shambulio hilo lilishika, kwa sababu vijana wa wakati ule walikwisha kuvutwa na hisabati. Mwaka huohuo, juu ya mlima mmoja wa Uswisi, Friedrich Hayek aliwakusanya wataalamu waliohofu kwamba dunia nzima inaelekea katika mipango ya serikali, wakaunda chama cha Mont Pelerin. Waliofundisha kwamba soko halihitaji asasi walianza kazi yao kwa kuunda asasi, wakailea kwa miongo mitatu kabla ya kuvuna. Jambo hili si la kuwacheka; ni la kuwaonea wivu.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye istilahi. Kiswahili kina taasisi na asasi, na yote mawili yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya msingi. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, taasisi ni jengo: lina lango, kibao, mkurugenzi na mhuri. Kile alichokikusudia Veblen, yaani mazoea ya kufikiri na kutenda yaliyokubaliwa na jamaa ya watu, hakimo katika neno hilo. Kimetawanyika katika ada, mila, desturi, kaida, miko na sheria. Ndiyo sababu katika makala haya asasi limechukuliwa kwa maana pana, likijumlisha ada ya gulio na bodi ya serikali pamoja. Kutawanyika huku kwa maneno si jambo dogo. Mtu akisema kwa Kiswahili kwamba taasisi zimeshindwa, msikilizaji huona ofisi zimefungwa. Haoni kwamba waliokuwa wakiaminiana wameacha kuaminiana.

Nchini Kenya fikra ya soko haikuingia kwa mlango wa biashara bali kwa mlango wa ardhi. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari, Roger Swynnerton wa idara ya kilimo alitoa mpango wa kuugeuza ukulima wa Waafrika: vipande vya mashamba vikusanywe, vipimwe, viandikishwe kwa jina la mtu mmoja, na mwenye hati aweze kukopa, kuuza na kupanda kahawa. Mpango ulisema waziwazi kwamba wakulima hodari watajipatia ardhi zaidi na wengine wataikosa, na ukalihesabu jambo hilo kuwa hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi. Mwaka 1955 Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ilizidi kulitia nguvu wazo hilohilo kwa lugha ya nadharia. Haifai kukana kwamba mazao ya biashara ya Waafrika yaliongezeka sana katika miaka iliyofuata. Marufuku zilizowazuia wengi kupanda kahawa zilikuwa dhuluma, na kuondolewa kwake peke yake kungalitosha kuleta neema.

Lakini katika nchi ya Wagikuyu ardhi ya mbari ilikuwa na tabaka nyingi za haki. Palikuwa na ahoi, watu waliolima kwa idhini ya wenye mbari kwa msingi wa urafiki au ukwe. Palikuwa na wajane, na mabinti waliorudi kwao. Palikuwa na njia za mifugo na mahali pa kuni. Daftari la ardhi lilikuwa na nafasi ya jina moja. Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963 ilimpa mwenye jina umiliki kamili, na mwaka 1972 Mahakama Kuu iliamua katika kesi moja kwamba haki za kimila zisizoandikwa katika daftari haziwezi kusimama mbele ya hati. Majaji wengine walitafuta njia ya kuzinusuru haki hizo kwa kumhesabu mwenye hati kuwa mdhamini wa jamaa yake, na mabishano hayo yaliendelea mahakamani kwa miongo. Profesa H. W. O. Okoth-Ogendo, aliyelichunguza jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi, alionyesha kwamba kubadili hati si kubadili uhusiano wa watu na ardhi. Huongeza tu utaratibu wa pili juu ya ule wa kwanza, na mwenye nguvu huchagua utakaomfaa siku hiyo.

Uhuru haukuigeuza njia hii. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulikuwa na jina la ujamaa wa Kiafrika, na kurasa zake za mwanzo zinataja mila ya kusaidiana. Zinazofuata zinaeleza kwamba fedha za maendeleo zitapelekwa mahali zitakapozaa haraka, yaani katika sehemu zenye mvua na ardhi nzuri, na kwamba faida itaenea baadaye. Mila ilipewa utangulizi. Hesabu ilipewa bajeti. Waraka wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza. Rais Kenyatta alipoamuru mwaka 1974 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya Bunge, haikupita hata mwaka kabla katiba haijarekebishwa tena ili miswada na maazimio ya fedha yabakie katika Kiingereza. Wabunge waliruhusiwa kulia kwa Kiswahili na kuhesabu kwa Kiingereza. Wataalamu wa lugha wamezoea kulitazama jambo hili kama kisa cha siasa ya lugha. Ni kisa cha uchumi vilevile, kwa maana fikra isiyozungumzwa katika lugha ya gulio haiwezi kukosolewa na watu wa gulio.

Njia nyingine ilikuwapo. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, uliwatazama mafundi wa Nairobi ambao baadaye waliitwa wa jua kali, ukaona kwamba hawakuwa wavivu wala wahalifu bali wazalishaji waliosumbuliwa na leseni, polisi na bomoabomoa. Ripoti ya ujumbe huo iliuliza maswali ya kiasasi: nani anaruhusiwa kufanya kazi wapi, nani ana ardhi, nani anapata mkopo na kwa nini. Serikali iliijibu kwa adabu mwaka 1973, ikakubali mengi kwa maneno. Ugawaji wa ardhi, ambao ndio uliokuwa moyo wa ripoti, haukuguswa.

Mfano bora wa kazi ya asasi, hata hivyo, haukutoka kwa wageni wenye ripoti bali kwa wachumaji wa chai. Mamlaka ya Ustawishaji wa Majani Chai iliundwa mwaka 1964, ikirithi halmashauri ya mazao maalumu ya mwaka 1960, na wakulima wadogo, ambao wakoloni walidhani hawawezi kulima chai, wakawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa nchi. Hawakuachiwa soko. Mamlaka iliamua nani apande na wapi, ilitoa miche, ilidai majani mawili na kitumba, ilipima kwenye vituo vya karibu, ilikata madeni katika malipo ya kila mwezi na kulipa bakshishi baada ya mauzo. Benki ya Dunia yenyewe iliigharimia na kuisifu. Lakini sifa hizo hazikuzaa fundisho lolote katika sera zilizofuata, na sababu yake ni rahisi: mfano wa chai haungeweza kubebwa katika mkoba. Ulitegemea mvua ya milimani, viwanda vilivyo karibu na mashamba, mabwana shamba waliojulikana kwa majina, na jani linalooza kwa saa chache na hivyo kumfunga mkulima na kiwanda pamoja. Mtaalamu anayekwenda Nairobi wiki hii na Lusaka wiki ijayo hawezi kuuhamisha. Bei anaweza kuihamisha.

Zao lililoamua mambo lilikuwa mahindi. Udhibiti wake ulianza wakati wa vita, mwaka 1942, na ulianza kwa upendeleo: walowezi walihakikishiwa bei, na Mwafrika alilipwa chini ya hiyo. Njaa ya mwaka 1942 na 1943 haikuufuta utaratibu huo bali iliuimarisha. Maghala yalijengwa kwenye njia ya reli na katika nchi ya walowezi, na serikali ya uhuru iliyarithi yalivyo. Mwaka 1966 tume iliyoongozwa na Chanan Singh ilichunguza upungufu na kashfa za mahindi. Mwaka 1979 bodi ya mahindi na ile ya ngano ziliunganishwa kuwa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Muundo ulibakia uleule: bodi hununua kwa bei moja nchi nzima, na mtu hawezi kupitisha magunia zaidi ya machache kutoka wilaya moja hadi nyingine bila ya kibali.

Kibali hiki ndicho kilichokuwa adui wa maskini. Mwanamke wa Ukambani mwenye njaa hakuweza kwenda Uasin Gishu kununua shehena ya mahindi ya mkulima aliyekosa mnunuzi. Njiani kulikuwa na vizuizi vya polisi, na penye kizuizi pana hongo: neno la misafara lilirudi barabarani, sasa likiwa halina mtemi wala haki ya kupita ya kudumu, kwa maana aliyelipa kizuizi kimoja alidaiwa tena kwenye kijacho. Wenye vibali walikuwa wachache, na vibali vilifuata siasa. Bodi ilichelewa kulipa wakulima, ikalimbikiza madeni makubwa. Mwaka 1980, baada ya miaka miwili tu ya ghala zilizojaa na mahindi kuuzwa nje, nchi ilipanga foleni za unga na kula mahindi ya manjano ya msaada. Waliosema kwamba soko lingeweza kufanya vizuri zaidi hawakuwa waongo, na mwandishi yeyote anayetetea asasi akilificha jambo hili hufai kuaminiwa utetezi wake.

Lakini bodi hiyohiyo, miaka minne tu baadaye, ilifanya kazi ambayo soko lisingeifanya. Mvua ndefu za mwaka 1984 zilipokosekana, serikali ilitambua mapema, ikaagiza nafaka kutoka ng'ambo kwa fedha zake yenyewe kabla ya misaada kufika, na bodi ikazisambaza kwa maghala na malori yake, huku wakuu wa wilaya wakigawa chakula kupitia machifu. Nchi jirani ya Ethiopia ilipoteza watu kwa mamia ya maelfu katika ukame wa miaka hiyo. Tofauti baina ya nchi hizo mbili ina sababu nyingi, vita ikiwamo, lakini maghala na orodha za machifu hazikosi kuwamo. Jambo la ajabu ni kwamba kisa cha mwaka 1984 hakikupata kutajwa sana katika mabishano ya sera yaliyofuata. Njaa iliyozuiwa haina picha.

Wakati huo uamuzi ulikuwa umekwisha anza kuhamia kwingine. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Neema ya kahawa ya mwaka 1976 na 1977 ilipita na kuacha matumizi yaliyozoea neema. Mwaka 1980 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea mkopo wa Benki ya Dunia wa kurekebisha muundo wa uchumi. Mwaka huohuo viongozi wa Afrika walikubaliana katika Mpango wa Lagos kwamba maendeleo yatoke katika ushirikiano wa nchi zao wenyewe. Mwaka uliofuata Benki ilitoa ripoti iliyoongozwa na Elliot Berg, ikasema kwamba chanzo kikubwa cha umaskini wa Afrika ni sera mbaya za ndani: bodi za mazao, thamani ya fedha isiyo ya kweli, na serikali zilizojitanua kupita uwezo. Ripoti moja ilikuwa na saini za marais. Ya pili ilikuwa na fedha. Kenya ilitoa Waraka Nambari 1 wa mwaka 1986 uliokubaliana na ile ya pili, na baada ya mivutano mingi iliyofanya misaada isimamishwe mwaka 1991, vizuizi vya usafirishaji wa mahindi na udhibiti wa bei viliondolewa mwishoni mwa mwaka 1993.

Tanzania ilifika mahali hapohapo kwa njia ndefu zaidi, na msamiati wake unaeleza safari hiyo kuliko takwimu. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, asasi ambazo wakulima wenyewe walizijenga tangu wakati wa ukoloni, ikaweka mamlaka za mazao. Kosa hilo lilikubaliwa kwa sheria ya mwaka 1982 iliyovirudisha. Mwaka 1983 Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na aliyekutwa na katoni za sabuni chini ya kitanda alikuwa adui wa taifa. Bajeti ya mwaka 1984 ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao bila ya kuulizwa zimetoka wapi. Mwaka 1986 mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ukatiwa saini, na Rais Mwinyi akapewa lakabu ya Mzee Ruksa. Mlanguzi wa juzi akawa mfanyabiashara. Mtu alikuwa yuleyule, na sabuni ilikuwa ileile.

Kenya nako kuna neno lililogeuzwa, na athari yake iliingia hadi mwilini. Mchango, katika lugha ya Harambee, ni kile mtu anachokitoa mbele ya wenzake kwa ajili ya shule au zahanati; jina lake husomwa, na asiye nacho hutoa kuku au siku ya kazi. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada katika hospitali na vituo vya afya, na sera hiyo ikaitwa kuchangia gharama. Haikuwa mchango. Ilikuwa ni bei, na asiye nayo alirudishwa nyumbani. Wagonjwa walipungua sana, ada ya kuandikishwa ikasimamishwa mwaka 1990, ikarudishwa kwa sura nyingine mwaka 1992, ikapunguzwa kuwa shilingi 10 na 20 katika zahanati na vituo vya afya mwaka 2004, ikafutwa huko mwaka 2013. Ilichukua takriban robo ya karne kuthibitisha jambo ambalo muuguzi wa mlangoni alilijua katika wiki ya kwanza. Lakini maarifa ya muuguzi yalikuwa ya mahali pamoja, nayo nadharia ilikuwa ya kila mahali.

Basi kwa nini fikra ya soko ilishinda? Jibu la haraka ni shinikizo la wakopeshaji, na jibu hilo lina kweli, ila halitoshi. Shinikizo lenyewe lilihitaji kitu cha kushinikiza. Sharti la mkopo lazima liwe na tarehe na namba: ondoa udhibiti wa bei kufikia mwezi fulani, punguza watumishi kwa idadi fulani. Hakuna awezaye kuandika katika mkataba kwamba kufikia Juni wakulima na wanunuzi waaminiane. Fikra ya soko ilikubaliana na umbo la karatasi iliyobeba fedha. Fikra ya asasi haikukubaliana nalo. Tena mafunzo ya wachumi wenyewe yalikwisha tengenezwa kwa mkondo huo. Kitabu cha Paul Samuelson, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1948, kilisomwa na vizazi vya wanafunzi katika vyuo vikuu vya dunia, ilhali Veblen na Commons walibakia kwa wasomi wa historia ya fikra. Mchumi wa wizarani na mchumi wa Benki walikutana wakiwa wamekwisha soma kitabu kimoja, na mabishano yao yalikuwa juu ya kasi, si juu ya njia.

Kosa la watetezi wa asasi nalo halikuwa dogo. Katika Afrika iliyojitawala waliiacha asasi iwe jina jingine la serikali. Ushirika, gulio, mbari, mtandao wa mikopo ya akina mama, vyote vilimezwa au kupuuzwa, na kilichobaki kutetewa ni shirika la umma. Serikali ilipopoteza imani ya wananchi, asasi zote zilihukumiwa pamoja nayo. Robert Bates alieleza mwaka 1981 kwamba bodi za mazao Afrika zilidumu licha ya hasara kwa sababu ziliwapa watawala vitu vya kugawa. Kitabu hicho kilichukuliwa kuwa hoja ya kuzivunja. Alipoandika mwaka 1989 juu ya Kenya hasa, akionyesha jinsi asasi zilivyoweza pia kuwalinda wakulima na kugawa hatari ya ukame, wasomaji wa sera hawakuwa wengi kama awali. Mwaka huohuo Adebayo Adedeji na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika walitoa mpango mbadala uliotaka mageuzi yaanze na chakula, elimu na afya. Ulisifiwa, nao haukuwa na hazina nyuma yake.

Asasi zilirudi katika nyaraka, lakini zilirudi kama watumishi. Ronald Coase alipata tuzo ya Nobel mwaka 1991, Douglass North mwaka 1993, na kufikia mwaka 1997 ripoti ya Benki ya Dunia ilikuwa inaizungumzia dola kwa heshima mpya. Katika tafsiri hii, hata hivyo, kazi ya asasi ni kulisafishia soko njia: hati za ardhi, mahakama za mikataba, utawala bora. Elinor Ostrom, aliyetuzwa mwaka 2009, alikuwa amesema zaidi ya hayo. Alionyesha kwamba watu wanaotumia malisho, maji au msitu kwa pamoja huweza kujitungia kanuni zikadumu karne nyingi, bila ya hati ya mtu mmoja na bila ya askari wa serikali. Katika Kajiado somo hilo lilifika likiwa limechelewa: mashamba ya pamoja ya Wamaasai, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1968, yalikuwa yakigawanywa tangu miaka ya 1980, na nyaya za ua zilikwisha kata njia za ng'ombe kabla ya Sheria ya Ardhi ya Jamii kupita mwaka 2016.

Mahindi nayo hayakukaa mahali yalipowekwa mwaka 1993. Mei 2017, unga ulipopanda bei kabla ya uchaguzi, serikali ilifidia wasagaji ili pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 90. Julai 2022, tena kabla ya uchaguzi, bei iliwekwa shilingi 100 kwa majuma machache, na wengi hawakuipata dukani kwa bei hiyo. Serikali mpya iliifuta Septemba, ikasema kwamba fedha za umma zimsaidie mzalishaji badala ya mlaji, na ikaleta mbolea ya shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50. Palipotafutwa mahali pa kuiuzia mbolea hiyo nchi nzima, hapakuonekana pengine isipokuwa maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, na wakulima wakapanga foleni mbele ya milango ileile.